Vitumbua vilivyonukia kuku

Mimi na kiporo hatujawahi kugombana. Wali wa jana ukipashwa mpaka chini ushike ukoko, pembeni chai ya rangi yenye tangawizi, mi sihitaji mkate. Na mwaka 2023 ule mchele ulivyopaa mpaka kilo inapita elfu 3 ndo nikaapa kabisa, kwangu haitupwi punje.

Sasa Ijumaa moja usiku nikaona kwenye friji umebaki wali kama bakuli mbili, nikamkumbuka mama alivyokuwa anaumalizia kwenye vitumbua, unaloweka mchele usiku, asubuhi unasaga na wali wa kiporo humo humo, tui zito, iliki, sukari, hamira, unafunika unaacha uumuke, kitumbua kinatoka laini ndani mpaka unasikia raha. Chuma cha kukaangia ninacho, kile cha mashimo saba. Nikaloweka mchele nikalala, japo nilikuwa na mafua ya kufa mtu, pua zote mbili zimefunga.

Halafu kulikuwa na deni. Mama mwenye nyumba aliniletea futari ya mihogo ya nazi tangu Ramadhani kwenye sahani yake ya maua, na sahani ya watu hairudi tupu, mi sina cha kuweka, ikakaa kabatini miezi mpaka nikawa namkwepa, nikisikia kandambili zake koridoni nazima redio natulia kama sipo.

Asubuhi naingia friza kutafuta tui. Dada yangu alikuja wiki ile akanijazia makopo, akanielekeza lipi lina nini, ila mpira ulikuwa dakika za mwisho nikawa naitikia tu "ee dada, sawa dada". Nikatoa kopo, ndani kuna bonge jeupe limeganda. Tui hilo. Nikanusa, sisikii kitu, lakini siku hizo hata mafuta ya taa nisingeyasikia. Likaingia lote.

Naanza kukaanga nje, watoto wa nyumba nzima wakajaa. Mmoja ananiuliza, "Anko, leo unakaanga kuku?" Nikacheka, nikamwambia hivi ni vitumbua. Akaniangalia. Akaenda kumwita mwenzake, "Njoo unuse, anko anasema hii sio kuku." Jirani wa chumba cha pili, yule wa bajaji, anapita na taulo anasema mwenye hela hajifichi. Mi nikajua wananitania kwa sababu mwanaume yuko jikoni.

Nikaonja kimoja. Utamu wa sukari upo, na kwa mbali ulimi unawasha, nikasema iliki imezidi. Nikapanga kumi kwenye sahani ya maua, nikafunika na kitambaa, nikaenda kupiga hodi kifua mbele. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, jamani, na wewe unajua kupika! Nilirudi nimekua sentimita mbili.

Nusu saa haijaisha naitwa. Namkuta kakaa mkekani, kitumbua kimoja kimemegwa, anajitahidi asicheke.

"Mwanangu, humu umetia nini?"

"Tui, mama."

"Tui la mnazi gani? Mzee kang'ata kimoja kaniuliza mchuzi uko wapi."

Nikampigia dada palepale. Kimya kidogo, halafu nikasikia kicheko mpaka simu ikamdondoka. Lile kopo lilikuwa kitunguu swaumu, kilo nzima, alikimenya siku nzima akakisaga akanigandishia nichote kijiko kijiko nitumie miezi. Tui alikuwa ameliweka chini yake.

Nilibaki na vitumbua kama thelathini, na kutupa siwezi, nilishaapa. Nilivipasua katikati nikala na maharage siku mbili, na nisiwe muongo, na maharage vinaenda. Wa bajaji alichukua sita, kesho yake analalamika abiria wanashuka kabla ya kufika.

Jumapili jioni mtoto akagonga mlango. Kaleta sahani ile ile ya maua, imefunikwa, ndani pilau ya nyama imejaa mpaka pembeni, "Bibi kasema pole na mafua."

Kwa hiyo sahani iko kabatini kwangu tena. Na leo nimesikia kandambili koridoni, redio nimezima.