Kwani Walimu Wetu Hawazeeki?

Hapa California ninakotunza wazee kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye supu ikija baridi anaita msimamizi, anataja kanuni na kudai jina la mpishi. Juzi alinikera. Baadaye nikamwonea wivu, kwa niaba ya shangazi. Shangazi alifundisha shule ya msingi Eastlands, Nairobi, hadi akastaafu, na akiambiwa kwenye dirisha la pensheni "rudi wiki ijayo," anashukuru, anarudi.

Najua mnachotaka kusema. "Ameonja dola, sasa anataka tuwatupe wazee wetu." Tulieni. Mimi nazungumzia Ojai, mji mdogo wa huku, ambako mwaka 1954 chama cha walimu wastaafu kilifungua makao yake chenyewe ya kutunzia wazee, Grey Gables. Mwasisi wa chama, mwaka 1947, alikuwa Ethel Percy Andrus, mwalimu mkuu wa Los Angeles aliyestaafu 1944. Husimuliwa kwamba alimkuta mwalimu wa zamani akiishi kwenye banda la kuku, pensheni ikiwa haitoshi kodi. Bima nazo ziliwakataa wazee. Andrus alibisha hodi kampuni baada ya kampuni, hadi mwaka 1956 walimu wastaafu wakapata bima ya pamoja. Mwaka 1958 akaanzisha AARP, chama cha wastaafu wa kila kazi.

Kumbe Marekani nako mwalimu alilala bandani! Hapo ndipo panaponichoma, maana siwezi kusingizia utajiri wao. Walikasirika pamoja, wakiwa tayari wamestaafu.

Kukasirika tunajua, msinifunze. KNUT, chama cha walimu wa Kenya, ipo tangu 1957, na migomo yake tuliifurahia sana tukiwa watoto. Lakini mwalimu akishavishwa leso na kupewa saa ya ukutani siku ya kuagwa, hasira inabaki yake peke yake, mtaani Umoja, kwenye nyumba ya kupanga.

"Si ana shamba kwao?" Shangazi ana nusu ekari yenye kesi na mashemeji. Na aliyezaliwa mjini, mtaa wa Kaloleni, kwao ni wapi?

"Watoto watamtunza." Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Namlisha mama wa mtu kwa malipo ya saa, halafu namtumia shangazi M-Pesa. Mkiniita mwenye kiburi, sawa, lakini nijibuni hili. Mwalimu Sacco, chama cha akiba na mikopo cha walimu, ipo tangu 1974, na kwa mikopo ya sacco walimu wamenunua ploti Kitengela, Joska, kote. Ni mjumbe gani amewahi kusimama kwenye mkutano mkuu akaomba ekari mbili tu za makao ya wastaafu?