Chipu ya pafu siyo kimchezo cha maabara

Kila ikitajwa chipu ya pafu kuna watu wanaipuuza, wanaona ni kipande cha silikoni ukubwa wa flashi, ndani kuna seli kiduchu, halafu eti kitusaidie kuchagua dawa ya kansa ya mapafu, kansa ambayo mwaka 2022 peke yake iliua watu kama milioni 1.8 duniani. Wasiwasi wao naelewa, ila nadhani wengi hawajaangalia hicho kitu kinafanya nini.

Ya kwanza inayopumua waliitoa watafiti Dan Huh na Donald Ingber, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2010. Njia mbili nyembamba, katikati utando wenye vitundu, juu seli za pafu zinagusa hewa, chini seli za mshipa wa damu zinapitiwa na majimaji, na pembeni kuna mvuto unaovuta utando na kuuachia, kuvuta na kuachia. Yaani inapumua.

Na hapo ndo pananikaa kichwani. Mwaka 2017 kundi hilohilo la Ingber waliweka seli za kansa ya mapafu kwenye chipu, wakaona kwamba chipu ikipumua kansa inakua taratibu zaidi, sawa, habari njema, lakini pia seli zinabadilika namna zinavyoipokea dawa iliyotengenezwa kuzuia EGFR (protini inayoziambia seli zikue), zinakuwa sugu zaidi. Hebu fikiria hilo vizuri. Miaka yote tumepima dawa kwenye sahani za maabara ambapo seli zimetulia tuli, wakati kansa yenyewe inakaa kwenye kiungo kisichopumzika hata usiku. Watafiti wenyewe wakasema huenda hii inaeleza kwa nini mabaki ya kansa yanagoma kufa kwenye sehemu za pafu ambazo bado zinapitisha hewa vizuri. Sahani isingeonyesha hilo kamwe, na panya wa maabara anapumua ndiyo, ila huwezi kumwambia aache kupumua ili ulinganishe. Kwenye chipu unazima tu mvuto.

Wanaotetea kupima dawa kwa panya nao wana hoja. Panya ana mwili mzima: ini linavunja dawa, figo zinaitoa, kansa inaweza kuhama ikaenda kwenye ubongo au mifupa, na chipu moja ya pafu haina hayo yote. Halafu ile silikoni inayotumika sana, PDMS, inanyonya baadhi ya dawa, hasa zinazopenda mafuta, kwa hiyo unadhani seli zimepata dozi fulani kumbe sehemu imeishia ukutani. Hilo ni tatizo kubwa, na anayeuza chipu bila kulisema hatendi haki.

Ila panya pia tumempa imani kubwa mno, maana karibu dawa 9 kati ya 10 zinazofika kwa binadamu zinakwama kwenye majaribio, na karibu zote zilishapita kwa wanyama kwanza. Marekani Desemba 2022 walibadilisha sheria, kupima kwa wanyama siyo lazima tena kabla ya kwenda kwa watu, chipu zinakubalika kama ushahidi. Hawajapiga marufuku wanyama, wameacha nafasi tu, na kwangu hiyo ni sawa kabisa: swali la mwili mzima mpe panya, lakini dawa ya kansa ya pafu iliyopimwa kwenye seli zilizolala tu mimi nisingeiamini mpaka ipitie kwenye kitu kinachopumua chenye seli za binadamu.