Mtafiti mwenyeji anaitwa lini?

Agosti 2020 uliibuka mzozo mkali kuhusu utafiti uliofanyika Kayole-Soweto, mtaa wa watu wa kipato cha chini mashariki mwa Nairobi. Watafiti wa Benki ya Dunia na wa vyuo vikuu vya Marekani, wakishirikiana na kampuni ya maji ya jiji, walitaka kujua kama tishio la kukatiwa maji huwafanya wenye nyumba walipe madeni yao. Baadhi ya wadaiwa waliteuliwa kwa bahati nasibu wakapewa notisi, na walioendelea kutolipa wakakatiwa. Malipo yalipanda sana. Watafiti waliandika pia kwamba miezi kadhaa baadaye hawakuona dalili kuwa wapangaji wameathirika kiakili au wamekosana na wenye nyumba.

Tukae kidogo na hao wapangaji. Deni ni la mwenye nyumba, bomba ni la ploti nzima. Anayekuta bomba limekauka alfajiri ni mpangaji, ambaye huenda kodi yake keshailipa. Itabidi anunue maji kwa mtungi, kwa bei inayozidi ile ya bomba, na aghalabu atakayeubeba ni mama au binti. Watetezi wa utafiti walisema kampuni ilikuwa na mamlaka ya kukata maji hata bila watafiti kuwepo, na ni kweli. Lakini swali lililochunguzwa lilikuwa la kampuni: fedha zitarudi vipi? Lilikuwapo swali jingine, zito vilevile kisera: deni la mwenye nyumba litadaiwaje bila kumwadhibu asiyedaiwa? Aliyewahi kupanga chumba Kayole, au Manzese ya Dar es Salaam, angeanzia hapo.

Hii ndiyo hoja ninayoona haieleweki katika mjadala wa ujumuishi wa watafiti, yaani nani ashirikishwe katika kuamua na kufanya utafiti. Wengi huisikia kama ombi la huruma: tuwape Waafrika, wanawake na waliotoka familia maskini nafasi, hata kama viwango vitashuka kidogo. Mimi naiona kama hoja ya ubora. Utafiti wa sera huanza kwa mtu kuamua kipi ni tatizo, nani apimwe na madhara gani yahesabiwe. Takwimu zikishaanza kukusanywa, kilichoachwa nje ya dodoso hakirudi tena, hata uchambuzi uwe wa kitaalamu kiasi gani.

Upande wa pili, unaosema mgeni naye anaweza kufanya utafiti wa manufaa, una ushahidi wake, na mzuri. Kuanzia 1998, Michael Kremer na Edward Miguel, wote Wamarekani, waliratibu utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya. Utoro ulipungua, na baadaye serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa hizo. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya uchumi. Mtoto aliyepona minyoo hana sababu ya kuulizia uraia wa mtafiti. Tena, profesa aliyekulia katika mitaa ya matajiri, Karen ya Nairobi au Masaki ya Dar es Salaam, anaweza kuwa mbali na mpangaji wa Kayole sawa na mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege. Ndiyo maana kuhesabu uraia peke yake hakutoshi, na jinsia na tabaka lazima viingie.

Pingamizi linalotajwa zaidi ni la majina ya kuazima, yaani mwenyeji kuwekwa kwenye mradi kwa jina tu. Kenya kupitia NACOSTI na Tanzania kupitia COSTECH, tume za serikali za sayansi na teknolojia, huwataka watafiti wa kigeni wawe na taasisi au mshirika mwenyeji ndipo wapate kibali. Matokeo yake yanajulikana na kila mhadhiri. Andiko la mradi limekwisha, mfadhili amekubali, bajeti imefungwa, ndipo inakuja barua pepe ya kutafuta mshirika. Huyo mshirika atashughulikia kibali, atatafuta wadadisi na kusahihisha Kiswahili cha dodoso. Wakosoaji wanasema hayo yanaonyesha ujumuishi ni maigizo. Mimi nasoma ushahidi huohuo vingine: mtu amejumuishwa baada ya kila jambo la maana kuamuliwa.

Fedha ndizo zinazoamua ratiba hiyo. Nchi za Umoja wa Afrika zimeahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika hapo. Mhadhiri anayeishi kwa kazi za ushauri elekezi hupokea hadidu za rejea zilizokwisha kuandikwa, na swali linakuwa la mwenye hundi. AERC, muungano wa utafiti wa kiuchumi barani Afrika ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, imesaidia kukuza kizazi cha wachumi wenye uwezo wa kuandika maswali yao wenyewe. Kwa hiyo kisingizio kwamba wataalamu hawapo kimepitwa na wakati.

Fomu ya kibali iongezewe kipengele kimoja: mshirika mwenyeji aliingia lini, kabla au baada ya andiko kupelekwa kwa mfadhili? Miradi mingine itachelewa, na wafadhili wachache watahamia kwingine. Nakubali gharama hiyo. Wafadhili nao watenge fedha za miezi ya mwanzo, dodoso likiwa bado halijaandikwa, ili watafiti wenyeji walipwe kwa kazi ya kufikiri na wapate muda wa kusema kwamba mpangaji ameachwa nje.