Gumboro ni mfumo, Mzee

Haya, kwa kuwa shoga yangu ameshaitupa ile video ya uzinduzi wa kitabu changu kwenye magrupu yote, mpaka la kikoba, acheni nieleze mwenyewe. Alichorekodi yeye kinaanzia pale watu wanapocheka. Nilivyofikishwa hapo hajawaonyesha, na ndiko kunakoniuma.

Halafu sikusema Gumboro ni "falsafa". Nilisema ni mfumo. Tuwe wakweli.

Mnaonifuata mnajua kitabu hiki nimekihangaikia miaka miwili. Ni cha wale waliopandishwa cheo Ijumaa, Jumatatu wakaamka mabosi wa watu waliokuwa wakila nao chipsi mayai. ISBN niliifuata mwenyewe Maktaba Kuu pale Bibi Titi, 978-9987 na tarakimu zake zote, nikaipiga picha kama mtoto mchanga. Nakala ya sampuli niliisoma mpaka nukta. Safi kabisa. Sasa nakala 300 zenyewe zikaja siku ileile ya uzinduzi, saa saba mchana, kwa bajaji, na shughuli ni saa tisa. Mimi niko kwa msusi, nusu kichwa kimesukwa. Nikampigia mdogo wangu: "Zikague." Akajibu, "Nimeshahesabu dada, zimetimia."

Alihesabu.

Sura ya Tatu ya kitabu changu inaitwa "Kasimu Kazi, Usikasimu Macho". Msiniambie chochote.

Mgeni rasmi alikuwa mkurugenzi wangu wa zamani, mzee mstaafu mwenye heshima zake, ndiye aliyenipa umeneja wa kwanza. Akakata utepe, akafunua kitambaa, akatangaza nakala ya kwanza anaichukua kwa laki tano. Vigelegele. Ingeishia hapo, leo ningekuwa nakula vizuri. Lakini Mzee akasema, "Kitabu kizuri hakichaguliwi ukurasa. Nafungua popote."

Akavaa miwani. Akalamba kidole. Akaangukia ukurasa wa 52, akarudi nyuma kidogo kutafuta kichwa cha sura: "Sura ya Nne, Kuwapokea Wafanyakazi Wapya." Akakohoa.

"Wiki ya kwanza," akasoma, kwa ile sauti yake ya vikao vya bajeti, "wapatiwe joto la nyuzi 32 hadi 35."

Nikajiambia, hii sentensi mbona siikumbuki? Lakini mtu aliyeandika usiku usiku miaka miwili husahau mengi. Huenda ni tamathali. Huenda nina kipaji.

"Wakijikusanya mahali pamoja, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, joto limezidi. Wakitawanyika vizuri, hali ni shwari."

Ukumbi mzima: "Mmmh!" Dada mmoja wa rasilimali watu, meza ya mbele, akatoa kalamu. Kalamu, jamani. Akaandika.

"Wanaodonoa wenzao watengwe mapema. Ikibidi, wapunguzwe midomo."

Makofi! Kuna kaka alisimama kabisa akanyoosha kidole kwenye meza waliyokaa wenzake wa ofisini. Na mimi hapo nimeshajua. Jasho linateremka mgongoni ndani ya gauni la satini, na satini mnaijua, haifichi siri ya mtu. Nilikuwa na kama sekunde nne za kusema, "Samahani Mzee, kiwanda kimekosea." Nne nzima. Nikatabasamu.

"Siku ya 14 wapewe Gumboro." Mzee akanyamaza. Akashusha miwani mpaka puani, akanitazama juu yake. "Gumboro. Binti yangu, hiki ni kifupisho cha nini?"

Kipaza sauti kikaletwa. Sijui nani alikileta, sitamsamehe. Kikaja kikasimama mbele ya mdomo wangu, nikasikia pumzi zangu zikitokea kwenye spika za nyuma.

"Ni mfumo, Mzee."

"Mfumo wa nini?"

"Wa kinga." Sauti haikuwa yangu tena. "Kinga ya... migogoro. Kwa timu changa."

"Aaah," akasema Mzee, ameridhika. Yule dada akaandika G, U, M, B, O, akainua uso kunisubiri nimtajie herufi inayofuata.

Ndipo kwenye meza ya ndugu, nyuma kabisa, mama mkubwa wangu wa Chanika, mwenye kuku mia nne na asiyehitaji kipaza sauti tangu azaliwe, akapaza: "Mfumo gani! Gumboro ni chanjo ya kuku! Inatiwa kwenye maji, unawanyima maji kwanza saa moja au mbili wapate kiu! Na usitumie ya bomba, yana dawa!"

Video ya shoga yangu inaanzia hapa.

Mzee, kwa nia njema ya kuniokoa, akafunua ukurasa mwingine. "Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi..." Mshereheshaji akaweka muziki.

Kumbe karatasi moja kubwa huchapwa kurasa 8 mbele, 8 nyuma, ikikunjwa unapata 16. Kitabu changu na mwongozo wa kufuga kuku vilikunjwa wiki moja, saizi moja. Kurasa 49 hadi 64 za kuku zikaingia kwangu, na kwa kuwa 48 hufuatwa na 49, aliyepanga hakuona tatizo. Nakala 112. Wamenichapia upya bila ubishi. Ila kurasa zangu nazo zilienda mahali, kwa hiyo kuna wafugaji huko waliofika katikati ya mwongozo wakakuta namna ya kuzungumza na mfanyakazi anayechelewa. Kama ni wewe, na umeshaanza kuwaita mitetea ofisini mmoja mmoja, nisamehe.

Mdogo wangu tumepatana. Shoga yangu bado.

Jana asubuhi Mzee kapiga simu. Nikapokea nimesimama. "Shikamoo Mzee, nakala yako nakubadilishia leo leo..."

"Marahaba. Usibadilishe." Kimya kidogo, nyuma yake nasikia pii-pii-pii. "Nina vifaranga mia mbili hapa Kibaha, leo siku ya kumi na mbili. Ukurasa wa 64 umekatikia kwenye minyoo. Wa 65 anao nani?"