Siku 15 zisizokwisha: mamlaka ya dharura na mgawanyiko wa kisiasa, kama tulivyoviona Goma

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba wakaazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame mara moja, kwa sababu wataalamu walikuwa wamebaini magma chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Kabla ya adhuhuri barabara ya Sake haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Mbele yangu kijana alisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magodoro matatu, na juu ya magodoro hayo alikalishwa bibi mmoja aliyekumbatia bidoni tupu la njano kwa mikono miwili. Sikumsikia mtu yeyote akiuliza agizo lile limetolewa kwa kifungu gani cha sheria. Wakati huo jimbo lilikuwa na wiki tatu tu chini ya utawala wa kijeshi.

Nimeanza na asubuhi ile kwa makusudi. Tunapojadiliana kuhusu utawala huo, ambao mtaani kila mtu anauita kwa Kifaransa état de siège na ambao redio hutafsiri kuwa hali ya kuzingirwa, wapinzani wake husahau upesi kwamba ipo saa ambapo mji mzima huhitaji sauti moja ya kusema "hameni". Watetezi wake nao husahau kwamba sauti hiyo ingeweza kutoka kwa gavana wa kiraia vilevile, maana hakuna sheria ya Kongo inayomkataza raia kuwaokoa raia wenzake na lava.

Katiba ya 2006 haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 85 kinampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya dharura au ya kuzingirwa baada ya kushauriana na Waziri Mkuu pamoja na maspika wa mabaraza mawili ya Bunge. Kifungu cha 144 kinaweka muda wa siku 30, ambao Bunge linaweza kuuongeza kwa siku 15 kila mara, na kifungu cha 61 kinataja haki zisizoguswa hata katika siku hizo, zikiwemo haki ya kuishi, haki ya kutoteswa na haki ya kujitetea mahakamani. Ukivisoma vifungu hivyo kwa pamoja, unaona kwamba zile siku 15 ni swali lililoandikwa kwa tarakimu: kila baada ya wiki mbili serikali irudi mbele ya wawakilishi, ieleze imefanya nini, na ieleze kwa nini inataka siku nyingine 15. Hoja yangu katika uchambuzi huu inahusu swali hilo, jinsi lilivyokufa, na ni mgawanyiko wa aina gani uliolizika.

Uamuzi wenyewe ulitangazwa tarehe 30 Aprili 2021 na kuanza kutekelezwa tarehe 6 Mei katika Kivu Kaskazini na Ituri. Magavana wa kiraia waliondolewa, mabunge ya majimbo yakasimamishwa, na mameya pamoja na wasimamizi wa wilaya wakabadilishwa na maofisa wa jeshi na polisi. Watu wengi wa hapa waliupokea kwa furaha, na si kwa ujinga. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, kaskazini mwa jimbo hili, walikuwa wakizika ndugu zao waliochinjwa kwa mapanga. Aprili ile ile ya 2021 wanafunzi walikuwa wamepiga kambi kwenye ofisi ya meya wa Beni wakidai Rais aje awaone kwa macho yake. Isitoshe, wanasiasa wa jimbo walikuwa wakishutumiwa hadharani, mara nyingine na wenzao wenyewe, kwamba wana mkono katika makundi yenye silaha ya makabila yao. Ofisa aliyetoka Kasai au Équateur, asiye na shamba Masisi wala shemeji Lubero, alionekana na wengi kuwa mtu pekee anayeweza kukaa katikati. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na bado ninao marafiki wanaoishikilia. Wanasema utawala wa kijeshi haukushindwa, bali ulinyimwa fedha, ukanyimwa silaha, kisha ukavamiwa kutoka nje.

Lakini mamlaka ya dharura hayapimwi kwenye milima ya vita peke yake. Mtaani kwetu kuna fundi wa chukudu, mzee mwenye mikono kama magome ya mti, ambaye mwaka 2022 aliibiwa chukudu aliyoitengeneza kwa wiki mbili, ya mbao za mikaratusi, magurudumu yamevikwa raba ya tairi kuukuu. Mwizi alikamatwa siku ya pili, chukudu ikiwa mkononi mwake. Kabla ya Mei 2021 kesi ya namna hiyo ingepelekwa kwenye mahakama ya amani. Kwa agizo la hali ya kuzingirwa, hata hivyo, kesi za jinai zilikuwa zimehamishiwa kwenye mahakama za kijeshi, ambazo mahakimu wake walikuwa wachache hata kwa kesi za askari tu. Faili likaenda kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, ofisi ambayo sisi wote tunaiita oditora, na chukudu ikafungiwa uani kama kielelezo. Mzee akawa anakwenda Jumatatu baada ya Jumatatu, anaambiwa arudi. Mvua za Novemba ziliipiga ile mbao mpaka ikapasuka karibu na usukani.

Hiyo ni chukudu. Kulikuwa na watu pia. Mwezi Aprili 2022 mahakama ya kijeshi huko Beni iliwahukumu wanaharakati wa LUCHA, vuguvugu la vijana wa kiraia, waliokamatwa katika maandamano ya kupinga hali ya kuzingirwa, kifungo cha miezi 12. Na vita vyenyewe, ambavyo ndivyo vilikuwa sababu ya yote, havikupungua: M23, kundi la waasi linaloungwa mkono na Rwanda, ilirudi kushambulia mwishoni mwa 2021, na tarehe 13 Juni 2022 ikauchukua mji wa mpakani wa Bunagana. Mtetezi atajibu kwamba Bunagana ingeanguka hata chini ya gavana wa kiraia. Inawezekana. Tatizo ni kwamba Kinshasa kura ya kuongeza siku 15 iliendelea kupigwa bila mtu kulazimika kutoa jibu hilo kwa sauti.

Kwa nini hakuna aliyelazimika? Jibu la kawaida ni kwamba siasa zetu zimegawanyika mno. Mimi nadhani mwaka 2020 unatuonyesha jambo lingine. Tarehe 24 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza hali ya dharura ya kiafya kwa sababu ya virusi vya korona, nchi ilikuwa na kambi mbili katika serikali moja: CACH ya Rais, na FCC ya Joseph Kabila iliyokuwa na wingi bungeni. Spika wa Seneti, Alexis Thambwe Mwamba, wa kambi ya Kabila, akasema waziwazi kwamba Katiba imevunjwa kwa kuwa Bunge halikuombwa idhini. Suala likafika Mahakama ya Katiba, ambayo Aprili iliamua kwamba tangazo la Rais halikukiuka Katiba, na dharura ikakoma Julai, baada ya takriban miezi minne. Sidai kwamba FCC iliuliza kwa kuipenda Katiba. Ilikuwa inalinda vyeo vyake, na kila mtu alilijua hilo. Hata hivyo ilikuwa na sababu ya kuuliza, na aliyeulizwa alilazimika kujibu.

Desemba 2020 ndoa hiyo ikavunjika. Wabunge wakahama kwa makundi kuingia Muungano Mtakatifu wa Rais, na tarehe 26 Aprili 2021 serikali ya Waziri Mkuu Sama Lukonde ikaidhinishwa kwa kura zaidi ya 400 katika Bunge lenye viti 500. Siku nne baadaye ikatangazwa hali ya kuzingirwa. Mamlaka makubwa kuliko yote tuliyowahi kuyashuhudia hapa, kwa hiyo, yalizaliwa wakati Bunge lilikuwa karibu kauli moja. Baadhi ya wabunge wa Kivu Kaskazini na Ituri walijaribu baadaye kupinga, wengine wakasusia vikao, lakini idadi yao haikuweza kutikisa kitu.

Mgawanyiko haukuisha, ila ulihama. Ulitoka ndani ya Bunge, ambako wapinzani huketi mkabala na kuchunguzana, ukaingia mitaani na kwenye simu, ambako makundi yalibaki mawili tu: mzalendo na msaliti. Katika mgawanyiko wa namna ya kwanza, mtu akisema hesabu za fedha za operesheni hazieleweki, anaulizwa ana ushahidi gani. Katika huu wa pili anaulizwa yuko upande wa nani. Nimeona familia hapa ambamo ndugu wawili hawagusi mada hiyo mezani, mmoja akiogopa kuitwa Mnyarwanda, mwingine akiogopa kuitwa mtumwa wa Kinshasa. Serikali yoyote, iwe nzuri au mbaya, hustarehe sana katika hali kama hiyo.

Wanaotetea mamlaka ya dharura hupenda kusema kwamba mgogoro wa kweli haungoji siasa. Ni sawa, lakini tumewahi kuona mgogoro wa kweli ukitumiwa kufanya siasa. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 haikuwa hadithi: ilipotangazwa kumalizika mwezi Juni 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Siku nne kabla ya uchaguzi wa Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI ilitumia Ebola na usalama mdogo kuahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, na pamoja na Yumbi, mji wa magharibi mwa nchi, wakaachwa nje wapiga kura zaidi ya milioni 1.2. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, yaani kura hizo, kwa upande wa urais, hazikuwa na kazi tena. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga foleni na kupiga kura zao wenyewe za mfano, kuonyesha kwamba kilichowezekana sokoni na kanisani kiliwezekana pia kwenye sanduku. Siku chache kabla, waandamanaji walikuwa wamevamia kituo cha Ebola. Hili ndilo gharama isiyoandikwa popote: dharura ikishatumiwa mara moja kwa hila, inayofuata haiaminiwi hata ikiwa ya kweli, na muuguzi ndiye anayepigwa mawe. (Mwenyekiti wa CENI wakati huo alikuwa Corneille Nangaa, ambaye leo anaongoza AFC, muungano wenye M23 ndani yake. Mji huu una kumbukumbu ndefu kuliko tunavyodhaniwa.)

Serikali haikukosa nafasi ya kurekebisha. Kati ya tarehe 14 na 16 Agosti 2023 iliitisha meza ya mazungumzo Kinshasa kuhusu hali ya kuzingirwa, na wengi wa waliozungumza kutoka majimbo haya mawili waliomba iondolewe. Wiki mbili baadaye, tarehe 30 Agosti, askari waliwafyatulia risasi hapa Goma waumini waliojiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, wakaua zaidi ya watu 40. Kwa haki ni lazima niseme kwamba sheria ya kijeshi ilifanya kazi haraka siku hizo: tarehe 2 Oktoba kanali aliyeongoza kikosi hicho alihukumiwa kifo. Tarehe 12 Oktoba Rais akatangaza kulegeza hatua kwa hatua. Kuondoa, hakuondoa.

Januari 2025, wiki tatu hivi kabla ya mji huu kuanguka, Waziri wa Sheria Constant Mutamba alionya kwamba anayeeneza habari za shughuli za jeshi la Rwanda na M23, hata akiwa mwandishi wa habari, atakabiliwa na adhabu ya kifo. Tarehe 27 mji ukachukuliwa na M23. Tangu siku hiyo tuna gavana mwingine aliyeteuliwa na watu ambao hawakuchaguliwa pia, wenye maelezo yao wenyewe kuhusu dharura, usalama na wasaliti, na hakuna bunge la kuwauliza hata kila baada ya siku 15. Anayefikiri kwamba kubadilisha kambi kunatosha, aje aishi hapa mwezi mmoja. Na Kinshasa, hali ya kuzingirwa iliendelea kuongezewa muda, kwa mji ambao askari wake walikwisha kuondoka. Kufikia Januari hiyo, ukihesabu kwa siku 15, vilikuwa vipindi zaidi ya 80.

Faili la fundi wa chukudu lilipotea katika vurugu za juma lile, pamoja na kielelezo chake. Miezi michache baadaye aliiona chukudu hiyo katika mtaa wa Birere imebeba makaa, akaitambua kwa ule ufa wa karibu na usukani. Hakumsimamisha aliyeisukuma. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kwa mshangao: "Nimsimamishe, halafu nimpeleke wapi, ndugu yangu?"