Pumzika Wayne Lotter
Jamani hii habari ya Wayne Lotter, yule mhifadhi wa wanyamapori, kuuawa kwa risasi Agosti 2017 pale Masaki, Dar es Salaam, usiku akitokea eapoti ilinimaliza nguvu kabisa, mtu katishiwa maisha miaka yote hiyo na bado hakuondoka Tanzania!! Wengi wanamtaja kwa sababu ya kina Shetani, yule jangili wa tembo, na yule mama wa Kichina wa biashara ya meno ya tembo waliokamatwa 2015, sawa, ila mi namlilia zaidi kwa wale askari wanyamapori wa vijijini, PAMS, ile taasisi ya uhifadhi aliyoianzisha na wenzake, ndo waliwafundisha na kuwashika mkono kipindi tembo wetu wanaisha, toka kama 109,000 mwaka 2009 mpaka 43,000 hivi 2014 yani inatisha. Polisi tuliwaomba sana wakati ule, wakamatwe waliofyatua na WALIOWATUMA. Poleni familia, poleni PAMS