Ukuta umejengwa, sawa, lakini mlima umesimama?

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema ukuta mpya wa mawe kwenye barabara ya Mombo–Lushoto, ile inayopanda Milima ya Usambara mkoani Tanga, "umemaliza" tatizo la maporomoko. Taratibu kidogo, ndugu. Nimesimamia kuta za namna hii miaka mingi, na ukuta siku ya uzinduzi huwa mzuri kama bibi harusi. Mimi naurudia baada ya masika ya tano.

Adui mkubwa ni maji. Yakituama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 3, kila mita moja ya ukuta, ukiufuata kando ya barabara, inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 4.5, hapo udongo wenyewe bado hujauhesabu. Ndiyo maana yale matundu ya kutolea maji si mapambo. Yakiziba kwa tope na mizizi (au watu wakatupia chupa za maji humo, nimeona), hesabu yote ya mhandisi imekwisha. Na kama tabaka linaloteleza liko chini ya msingi, ukuta utasafiri na mlima, ukiwa mzima kabisa.

Hong Kong walizika watu wengi mwaka 1972 na 1976, ndipo 1977 wakaunda ofisi maalumu ya miteremko. Leo miteremko yao takriban 60,000 imesajiliwa, kila mmoja na namba yake, na inakaguliwa.

Huo ukuta wa kwetu una namba? Nani anapima kama umeinama hata sentimita moja tangu mwaka jana?